Picha Bila Kisa, Mali Bila Daftari



Fungua simu yako uangalie picha ulizonazo. Ukiacha za watoto na za harusi, nyingi zilizobaki ni za aina moja: jua linazama Forodhani, bahari ya Nungwi, mlango wa Mji Mkongwe, mnazi ulioinama, ukuta wa nyumba ya zamani uliopukutika chokaa, wingu la masika limetanda juu ya bahari. Wengi wetu tunapenda picha za namna hii, na kila mmoja ana sababu yake. Wako wanaopenda stara, hawataki sura zao zirande katika simu za watu. Wako wanaochukua tahadhari, kwani wanazuoni wana maelezo yao marefu kuhusu picha za viumbe wenye roho, na mti au jumba halimtii mtu wasiwasi. Na wako ambao wameona kitu kizuri, wakasema subhanallah, wakabonyeza. Basi.

Picha zenyewe ni nzuri. Kinachonikera ni kwamba zimekaa bubu. Tunaziweka kwenye stetasi na maneno mawili, "Zanzibar yetu", na kimaua. Baada ya saa ishirini na nne zinapotea. Zikibaki kwenye simu, simu huibiwa, huanguka majini, hufutwa ili ipatikane nafasi. Na hata zikisalimika, baada ya miaka kumi wewe mwenyewe utaiangalia ujiulize: hapa wapi tena?

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu tunautumia dukani na kwenye vikoba, lakini unafaa kwa picha pia. Rai yangu ni hii: picha ya mandhari au ya jengo isiyoandikiwa kisa chake ni nusu picha, na ile nusu ya pili, hapa visiwani, mara nyingi iko vichwani mwa wanawake. Tusipoiandika sisi, ataandika mwengine, na ataandika anachodhani.

Jumba moja, picha tatu

Chukua mfano wa jumba tunalolijua sote, Beit al-Ajaib. Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883. Siku zile mnara wa saa haukuwa sehemu ya jumba. Ulisimama peke yake mbele, upande wa bahari, ukiwa pia mnara wa taa kwa ajili ya vyombo. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliupiga mji kwa mizinga, katika vita ambavyo havikufika saa moja. Mnara ule uliharibika. Jumba la jirani, Beit al-Hukm, likabomoka na halikujengwa tena. Mwaka uliofuata ukajengwa mnara mwengine, safari hii ukaungwa na jumba lenyewe, na huo ndio tuliouzoea. Ulidumu mpaka tarehe 25 Disemba 2020, siku ambayo sehemu kubwa ya jumba pamoja na mnara iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Allah awarehemu.

Sasa angalia faida ya kujua kisa. Ukiletewa picha ya zamani na mnara umesimama peke yake mbele ya jumba, unajua ni ya kabla ya Agosti 1896. Ukiona mnara umeungana na jumba, picha ni ya baada ya hapo na kabla ya mwisho wa 2020. Ukiona hakuna mnara, ni ya juzi juzi. Jumba ni lile lile, picha ni tatu, na kila moja ina zama zake.

Na ni nani mwenye picha nyingi zaidi za mnara ule? Ni sisi, tena bila ya kukusudia. Kila Sikukuu ya Idi tumewasimamisha watoto Forodhani na nguo zao mpya, na nyuma yao mnara upo. Ziko picha kwa maelfu, katika maalbamu, katika simu mbovu zilizotupwa makabatini. Lau kila moja ingeandikwa mwaka wake, fundi anayetaka kujua ufa ulianzia wapi na roshani ililegea lini angezipanga moja baada ya moja akaona. Picha iliyopigwa kwa ajili ya gauni la mtoto ingekuwa shahidi wa jumba la taifa. Lakini shahidi asiyejua siku wala mwaka, kadhi atamfanyia nini?

Kuta za Mtoni na kalamu ya mwanamke

Twende Mtoni, kaskazini ya mji kidogo. Wengi wamepiga picha magofu yale: kuta, matao, miti imeota ndani, bahari pembeni. Ni pazuri, na ukiangalia picha yenyewe unaona mawe.

Lakini pale ndipo alipozaliwa Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, mwaka 1844. Alikulia wakati ambao mtoto wa kike alifundishwa kusoma, lakini kuandika hakukuonekana kuwa ni haja yake. Yeye akajifunza kuandika kwa siri. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake. Mengi tunayoyajua leo kuhusu maisha ya ndani ya majumba yale, vyumba vya wanawake, watoto, chakula, mavazi, maradhi, furaha na fitina, tumeyapata kwake.

Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu maisha ya Salme. Mjadala huo si wa leo. Ninachotaka tukitazame ni hiki. Wageni waliofika Unguja zama zile waliyaona majumba kwa nje, wakayachora na baadaye wakayapiga picha kwa nje. Ndani hawakuingia. Aliyeyajua ya ndani alikuwa mwanamke, na kwa kuwa mmoja kati yao alishika kalamu, kuta za Mtoni leo zina la kusema. Wangapi waliishi humo wakajua zaidi yake, wakafa na yao?

Na nyumba zetu je? Nyumba ya bibi yako Mkunazini, au Wete, au Makunduchi, utaipiga picha kwa nje kama mgeni. Kujua kwamba chumba cha juu ndicho walichokaa eda wajane wa ukoo mzima, au kwamba kwenye kile kibaraza cha nyuma ndipo watoto wa mtaa walipohitimishwa Msahafu, hilo halipigiki picha. Linaandikwa.

Ukuta unasema, ukiujua

Mlango wa Zanzibar umeshakuwa kama nembo, upo kwenye fulana na kwenye vikombe. Tunaupiga picha nzima, kutoka mbali, tukiwa tumesimama mbele yake. Umewahi kusogea ukasoma juu yake? Milango mingi imechongwa aya, na mingine imechongwa na mwaka. Mwaka huo ni wa hijria. Ukiona 1300, usidhani ni karne ya kumi na nne ya miladi. Ni mwaka ulioanza mwishoni mwa 1882. Yaani mlango huo na Beit al-Ajaib ni marika. Jambo hili mgeni hawezi kulijua mpaka aambiwe. Wewe uliyesoma chuoni unalisoma papo hapo.

Kadhalika ule ukuta uliopukutika, ambao picha zake hupendwa mno. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, haizidi, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba. Chokaa inapumua: maji yakiingia ukutani, yanapata njia ya kutoka. Nyumba kama hiyo ikija kupigwa plasta ya saruji, unyevu unafungika ndani, jiwe linaoza taratibu, na plasta inabanduka kwa vipande. Kwa hivyo ule "uzuri wa ukongwe" ulioupenda kwenye picha, mara nyingine ni ugonjwa. Mgeni anaona rangi. Mama anayelala ndani anajua usiku wa masika anatega ndoo ngapi.

Mji Mkongwe umeingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Ni heshima kubwa. Lakini urithi una wenyewe, na wenyewe wakinyamaza huja kuelezwa habari za nyumba yao na watu wa mbali. Ukiweka picha ya ukuta ule, andika kwamba ndani wanaishi watu, na kwamba dari inavuja. Hapo umesema kweli, na kweli hiyo inaweza kumfikia mwenye uwezo wa kutengeneza.

Bahari nayo ina tarehe

Kuna anayedhani kisa ni cha majengo tu, na mandhari ni mandhari. Sivyo. Ipige picha bahari ya Paje mchana wa bamvua, maji yametoka mbali, ubao wa mchanga umebaki wazi na mistari ya mwani imenyooka kama tarizi. Aliye mbali ataona pambo. Ipige pahala hapo hapo siku ya maji mafu, utapata picha nyengine kabisa. Nani ataandika kwamba mistari ile ni vigingi na kamba, na kwamba kila kishada kimefungwa kwa mkono, na mwenye mkono huo ameinama majini tangu maji yalipoanza kutoka?

Kilimo cha mwani kilianza upande wa mashariki wa Unguja mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani wetu huenda nje, hutolewa utomvu unaotiwa kwenye dawa za meno, vipodozi na vyakula. Kuna aina iliyo na bei nzuri zaidi, kotoni, na kuna spinosamu yenye bei ya chini. Maji yalivyozidi joto karibu na ufuo, kotoni ikawa inakufa, na wakulima wengi wakabakia na ile ya bei ndogo. Wengine wanahitaji kwenda kina kirefu, na wanawake wengi hawakufundishwa kuogelea wala hawana chombo.

Yote haya hayamo kwenye picha. Picha inaonesha kanga nyekundu na maji ya kijani, na chini yake mtu ameandika "Peponi". Dada yangu, yule mama mgongo unamuuma. Andika jina lake, ikiwa ameridhia. Andika kwamba mwaka jana hapa palikuwa na kotoni na mwaka huu hakuna. Picha mbili za pahala pamoja zenye tarehe zinaweza kusema zaidi juu ya joto la bahari kuliko hotuba.

Pemba nako vivyo hivyo. Kwa nini ukipanda barabara za Pemba unanusa karafuu kila pembe, na Unguja mikarafuu ni michache? Moja katika sababu kubwa ni kimbunga cha mwaka 1872, kilichoangusha mikarafuu mingi ya Unguja huku Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Basi ile picha yako ya karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, na mabibi wamekaa wanachambua, ina kisa kinachorudi nyuma karne moja na nusu. Hata tanga la ngalawa lina la kusema: aliyelelewa pwani akitazama upepo ulivyolijaza, anajua kama ni kaskazi au ni kusi.

"Mimi si fundi wa picha"

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza: mimi si mpiga picha, nina simu tu. Vizuri, ndiyo maana nasema na wewe. Fundi wa picha huja, hutafuta mwanga mzuri, huondoka. Wewe unapita pale kila siku ukienda sokoni. Umeliona jengo likiwa na roshani na umeliona bila roshani. Unajua mti ulikatwa lini na nani aliulilia. Ufundi wa kamera unaweza kununuliwa, lakini kuishi pahala hakununuliki.

La pili: maneno marefu nani atasoma? Hakuna aliyesema uandike kitabu. Mistari mitatu inatosha. Zamani picha za studio ziliandikwa nyuma kwa kalamu ya wino: jina, pahala, tarehe. Kwa mistari ile midogo leo watu wanawatambua mabibi zao. Simu haina nyuma ya kuandikia, lakini ina nafasi ya maelezo, na daftari la shilingi chache bado linauzwa dukani.

La tatu ndilo zito: si kila jambo husemwa. Kweli, na hapa naungana na wewe. Siri za nyumba za watu ni amana. Kisa cha nyumba hakimaanishi aibu za waliokaa ndani. Mwanamke aliye kazini, baharini au shambani, aombwe ruhusa kabla ya kupigwa, na akikataa, amekataa. Nyumba ya mama anayeishi peke yake usiitaje mtaa. Ukikuta kiota cha kasa ufukweni, andika kisa lakini pahala pafiche, wako wanaotafuta mayai. Na ukienda Jozani, kima punju mpige ukiwa mbali. Ni kiumbe ambaye kwao ni Unguja hii hii, hapaswi kusumbuliwa kwa ajili ya picha yetu. Kuandika kisa kunakwenda pamoja na kujua lipi la kubakisha moyoni.

Maswali matano

Ukitaka kuanza, jiulize haya kwa kila picha unayoona inastahili kubaki.

Wapi? Usiandike "Zanzibar" peke yake. Andika mtaa, shehia, karibu na msikiti gani au kisima gani.

Lini? Miladia na hijria ukiweza, na msimu: masika, kaskazi, bamvua. Kivuli na maji vitaeleweka.

Ya nani? Nani alijenga, nani anaishi, nani analima. Kwa ruhusa yao.

Nini hakionekani? Kilichobomoka, kilichokatwa, kilichokuwepo kabla. Hili ndilo swali lenye thamani kubwa, kwa kuwa kamera haiwezi kulijibu.

Nani amekwambia? Sisi ni umma uliojifunza kuhifadhi habari pamoja na mlolongo wa waliozipokea. Elimu ya hadithi imesimama juu ya swali hilo. Tunashindwa vipi kuliuliza kuhusu picha ya grupu inayodai jengo fulani lilikuwa hivi na hivi? Andika "nimeambiwa na shangazi yangu aliyezaliwa mtaa huu". Ikiwa umekisia, andika kwamba umekisia. Habari ya uongo chini ya picha ya kweli ni mbaya zaidi, maana watu huiamini kwa ajili ya ile picha.

Qur'ani katika Surat al-Ghashiya inatuelekeza tumtazame ngamia alivyoumbwa, na mbingu, na milima, na ardhi. Kutazama kunakotakiwa pale ni kwa mazingatio, kwa mtu kujiuliza hiki kimekuwaje. Picha inaweza kuwa mwanzo wa kutazama huko, au inaweza kuwa njia ya kukwepa: tumebonyeza, tumeondoka, hatukuangalia. Aliyelazimika kuandika mistari mitatu amelazimika kuangalia.

Ombi langu ni dogo. Wiki hii chagua picha moja tu ya nyumba, ya mti au ya ufuo. Mchukulie bibi, au mama mkubwa, au jirani mzee yeyote aliyekuwepo. Mkuzie ile picha kwa vidole viwili aione vizuri, muulize "hapa palikuwaje?", kisha nyamaza usikilize. Atakurekebisha jina la mtaa. Atakuonesha kwa kidole pahala palipokuwa na kisima. Atakutajia watu ambao hukuwahi kuwasikia, na huenda wewe ukawa mtu wa mwisho kutajiwa. Andika hapo hapo mbele yake, umsomee, aseme sawa au siyo.

Mabibi hawa wanaondoka mmoja mmoja, kila Ijumaa tunasikia tangazo la maziko. Nyumba wanatuachia, na picha za nyumba tunazo. Kisa tusipokiomba leo kwa hiari yao, kesho hakuna wa kumuuliza.

Wabillahi tawfiq.